Sonara na Mwenye Dhahabu

Msomaji, ukipita katika vichochoro vya mji wa kale wa Mombasa, au ukifika Lamu, huenda ukamwona mtu ameketi katika duka dogo, ameinama, amekaza macho. Mbele yake pana nyundo ndogo, koleo, fuawe, taa ya moto na mizani iliyo ndogo kama mchezo wa watoto. Huyo ni sonara. Neno hilo tumelipata kutoka Bara Hindi, lakini kazi yenyewe ni ya kale sana. Ilikuwako duniani kabla ya kuwako miji hiyo miwili.

Simama kidogo utazame. Mama mmoja ameingia dukani pamoja na bintiye. Afungua fundo la leso yake, na ndani mna bangili mbili za marehemu bibi yake. Moja imepasuka, nyingine imepinda. Ataka ziyeyushwe zifanywe mkufu wa arusi ya binti huyo. Wazungumza juu ya umbo, uzito, ujira na siku ya kumaliza. Kisha mama aiacha dhahabu yake juu ya meza ya mtu asiye ndugu yake, naye ashika njia kurudi nyumbani.

Je, umepata kufikiri jambo hilo lilivyo kubwa? Mbuzi akipotea atajulikana kwa rangi yake, na nguo ikiibwa itajulikana kwa mshono wake. Lakini dhahabu ikiisha kuingia katika kalibu ya moto haina uso wala jina. Sonara akitwaa kipande na kutia shaba mahali pake, jicho la mama halitaona. Na kwa upande wa pili, mama akirudi na kusema, "Dhahabu yangu ilikuwa zaidi ya hii," sonara naye atajitetea kwa neno gani? Kila mmoja yumo mkononi mwa mwenzake. Kwa hiyo katika kuagiza pambo kwa fundi, kitu cha kwanza kinachowekwa mizanini si dhahabu, bali ni uaminifu.

Historia imetuhifadhia kesi nyingi za namna hii. Katika insha hii nitakuongoza kuzitazama mbili. Ya kwanza tutaisikia kutoka upande wa mteja peke yake. Ya pili, kutoka upande wa fundi peke yake. Nakuomba usikilize kama hakimu asikilizavyo.

Twende kwanza Syracuse, mji wa pwani katika kisiwa cha Sisilia, karne ya 3 kabla ya Kristo. Mfalme wa mji huo aliitwa Hiero. Alikuwa ameazimia kutoa taji la dhahabu hekaluni kuwa shukrani kwa miungu yake. Akamwita sonara, akapatana naye ujira, akampimia dhahabu kwa mizani. Siku ya ahadi ilipowadia, sonara alileta taji lililofanywa kwa ustadi mwingi. Likapimwa, na uzito wake ukawa sawasawa na ule wa dhahabu iliyotolewa. Mfalme akaridhika.

Baadaye ukavuma uvumi kwamba sonara yule ameficha sehemu ya dhahabu, na mahali pake ametia fedha ya uzito ule ule. Mfalme akaghadhibika, lakini ghadhabu si ushahidi. Mizani ilikuwa imekwisha kusema kwamba hakuna kilichopungua. Kulivunja taji ni kuharibu kitu kizuri kwa sababu ya dhana tu. Basi Hiero akamwomba Archimedes, bingwa wa hesabu, atafute njia ya kuijua kweli bila ya kulidhuru taji.

Yasemekana Archimedes alikuwa na swali hilo moyoni alipoingia katika birika la kuogea. Akaona kwamba kadiri mwili wake ulivyozama ndivyo maji yalivyomwagika nje. Papo hapo akatambua jibu, akatoka mbio bila ya nguo akipiga kelele kwamba amelipata. Jibu lenyewe ni hili. Dhahabu ina uzito wa mara 19 na zaidi kuliko maji ya ukubwa ule ule. Fedha ina uzito wa mara 10 na nusu tu. Kwa hiyo ukichukua donge la dhahabu na donge la fedha yenye uzito sawa, la fedha litakuwa kubwa zaidi. Na taji lililochanganywa na fedha litakuwa kubwa kuliko donge la dhahabu safi la uzito huo huo, na likitiwa majini litamwaga maji mengi zaidi. Archimedes akajaribu, na maji yakamwagika zaidi. Udanganyifu wa sonara ukadhihirika.

Hadithi hiyo hupendwa sana na walimu wa sayansi, na haki yao. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza zaidi. Aliyetuandikia habari hiyo ni Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, naye aliishi kiasi cha miaka 200 baada ya Archimedes. Katika maandiko yake, mfalme ana jina, na bingwa ana jina, sonara hana. Hatuambiwi alijitetea namna gani, wala alihukumiwa nini. Twajua kwamba dhahabu itokayo ardhini mara nyingi huwa imechanganyika na fedha kwa asili yake. Je, dhahabu ya mfalme ilipimwa usafi wake kabla ya kukabidhiwa fundi, au ilipimwa uzito tu? Swali hilo halimo katika hadithi. Yawezekana kabisa kwamba sonara alikuwa mwizi. Lakini amehukumiwa mbele ya vizazi vyote bila ya kupewa nafasi ya kutamka hata neno moja.

Si kila mteja awezaye kumpata Archimedes. Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingi walitafuta njia nyepesi za kuijua dhahabu. Njia moja ya kale ni kuisugua dhahabu juu ya jiwe jeusi laini, na kuulinganisha mstari wake na mstari wa dhahabu ambayo usafi wake unajulikana. Masonara hutumia jiwe hilo pamoja na tindikali mpaka leo. Tindikali hula shaba na fedha, ikaiacha dhahabu. Usafi wenyewe huhesabiwa kwa karati. Dhahabu safi kabisa ni ya karati 24, na ya karati 18 ni mafungu matatu ya dhahabu katika kila mafungu manne. Wala usidhani kwamba kuchanganya ni kosa. Dhahabu safi ni laini mno. Pete iliyofanywa kwayo hupinda na kulika upesi, na kwa hiyo sonara mwema huitia shaba au fedha kidogo ili ikaze. Kosa ni kuchanganya kwa siri.

Nchini Uingereza serikali iliingia kati ya mteja na fundi mapema sana. Mwaka 1300, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, ilitolewa sheria kwamba kitu cha fedha kisitoke mikononi mwa fundi mpaka kimejaribiwa na wakuu wa kazi hiyo na kupigwa alama ya kichwa cha chui. Mwaka 1363 kila fundi aliamriwa kuwa na alama yake mwenyewe. Na mwaka 1478 ikaongezwa herufi ya mwaka, vyombo vikawa vinapelekwa kupimwa katika jumba la chama cha masonara mjini London. Hivyo kitu kimoja kidogo kikabeba mashahidi watatu: mmoja wa usafi wake, mmoja wa aliyekifanya, na mmoja wa wakati kilipopimwa. Alama hizo zilimlinda mteja asidanganywe, nazo zilimlinda fundi mwaminifu asisingiziwe.

Lakini alama hueleza hali ya dhahabu tu. Haiwezi kueleza ni nani aliyetimiza ahadi na ni nani aliyekawia. Wala haiwezi kueleza kazi isiyokwisha ni mali ya nani. Mambo hayo tutayaona katika kesi ya pili.

Benvenuto Cellini alizaliwa katika mji wa Florence, nchini Italia, mwaka 1500. Baba yake alitamani sana mwanawe awe mpiga filimbi, lakini moyo wa kijana ulikuwa katika dhahabu. Alipofika umri wa miaka 15 akajiunga na duka la sonara kuwa mwanafunzi, na alipopata miaka 19 akaenda Roma kutafuta riziki. Roma ya siku zile ilikuwa mahali pema kwa fundi hodari, maana walikuwako makadinali, matajiri na wake zao, na juu yao wote Papa, mkuu wa Kanisa Katoliki. Watu hao hawakununua mapambo yaliyokwisha kufanywa. Waliyaagiza.

Mmoja wa wateja wake wa kwanza alikuwa bibi wa jamaa ya Chigi, aliyeitwa Porzia. Bibi huyo alikuwa na pambo la almasi lenye umbo la ua la yungiyungi, akataka lifanywe upya kwa namna nzuri zaidi. Cellini alilichora mbele yake, naye bibi akamkabidhi almasi zake pamoja na sarafu za dhahabu. Kisha Cellini akafinyanga mfano mdogo wa nta ili bibi aone kwa macho kile atakachopewa, naye akaukubali. Tazama utaratibu huo, msomaji: kwanza picha, ndipo mali ikatoka mkononi, kisha mfano na ridhaa, ndipo pambo likafanywa. Pambo lilipokwisha, Cellini aliulizwa ataka ujira gani. Akajibu kwamba amekwisha kulipwa ikiwa bibi amependezwa. Bibi Porzia naye hakukubali kushindwa kwa ukarimu. Alimpelekea sarafu za dhahabu nyingi kuliko malipo aliyopata sonara mwenziwe kwa chombo kikubwa cha fedha. Siku hiyo kijana alijifunza kwamba mteja mwema hupima akili na mkono wa fundi, wala hapimi uzito wa chuma peke yake.

Mwaka 1527 msiba uliipata Roma. Tarehe 6 Mei, askari wa Kaisari Charles wa Tano waliingia mjini, wakaua na kupora. Papa Clement wa Saba akakimbilia katika ngome ya Sant'Angelo, na Cellini alikuwa miongoni mwa watu waliojifungia humo. Papa alihofu kwamba hazina yake itaangukia mikononi mwa adui. Akamwita Cellini faraghani, akamwagiza kazi ambayo ni kinyume cha kazi ya sonara: avibandue vito vyote katika mataji ya Mapapa, kisha aiyeyushe dhahabu yake. Vito vikashonwa ndani ya nguo za Papa. Dhahabu ikatiwa motoni katika tanuru aliyoijenga ndani ya ngome. Yeye mwenyewe alisema ilifika ratili kama 200. Fikiri, ndugu msomaji: kazi ya mikono ya masonara wengi wa zamani iligeuka madonge katika siku chache, na mashahidi wa jambo hilo walikuwa wachache mno. Kumbuka siku hizo za ngomeni, kwa maana zitarudi kumdai.

Vita vilipotulia, Papa Clement alitaka kifungo kikubwa cha dhahabu cha kufungia joho lake la ibada kifuani. Kilikuwa na upana wa kiganja, na katikati yake ilipasa kuwekwa almasi kubwa ambayo Papa Julius wa Pili alikuwa ameinunua, kwa maelezo ya Cellini, kwa dukati 36,000. Masonara kadhaa walialikwa kuleta michoro yao. Wote walimchora Mungu Baba, na wote waliitia almasi kifuani pake. Cellini alipoitazama michoro hiyo aliona kasoro: kito kilikuwa kikubwa mno kwa sanamu, kikaimeza. Yeye akafanya mfano wake wa nta kwa fikira nyingine. Aliiweka almasi katikati iwe kiti, na juu yake akamketisha Mungu Baba, amegeuka upande kidogo, mkono wa kuume umeinuliwa kubariki. Na chini akawaweka watoto watatu wanaoitegemeza almasi kwa mikono yao. Hivyo kito hakikuificha sanamu, wala sanamu haikukificha kito. Papa alipouona mfano huo alimpa Cellini kazi, pamoja na arbuni ya kuanzia.

Kazi ile ilichukua muda mrefu. Mara kwa mara Papa alitaka kuona imefika wapi, na Cellini alikipeleka kifungo mbele yake. Usiku mmoja mwizi alivunja duka. Cellini asimulia kwamba mbwa wake mkubwa alipambana na mwizi huyo, na kwamba siku nyingi baadaye mbwa yule yule alimtambua mwizi uwanjani akamrukia, hata akakiri. Kwa bahati njema mali ya Papa ilikuwa salama. Lakini kutokana na tukio hilo twaweza kuona mzigo wa sonara: akilala, alala na mali ya mtu mwingine chini ya dari lake.

Kifungo kilikwisha, na sifa zake zikaenea. Lakini kazi iliyofuata ilileta ugomvi. Papa aliagiza kikombe cha dhahabu cha ibada, akatoa arbuni ya scudi 500. Kazi ikakawia. Cellini alisema hapewi dhahabu ya kutosha. Watu wa Papa walisema ni mvivu na mwenye kiburi. Mwishowe Papa akadai kikombe kama kilivyo, hata kama hakijamalizika. Cellini akakataa. Alisema kwamba zile scudi 500 ni mali ya Papa, naye yu tayari kuzirudisha. Lakini kazi ya mikono yake ambayo haijalipwa si mali ya Papa bado. Ugomvi huo ni wa kale, nao ungali unaendelea katika maduka ya mafundi hata leo. Mteja husema, "Nimetoa fedha, kitu ni changu." Fundi husema, "Umelipia sehemu, na jasho langu halijalipwa." Kila mmoja ana haki kiasi, na kwa kuwa mapatano ya kwanza hayakusema nini kitafanyika kazi ikisimama njiani, kila mmoja akaikaza haki yake mpaka ikawa uadui.

Papa Clement akafariki mwaka 1534. Katika siku zile zile Cellini alimwua kwa jambia sonara mwingine aliyeitwa Pompeo, mshindani wake katika kazi za Papa. Sikufichi jambo hilo, kwa maana historia si hadithi ya malaika. Mkono uliofua watoto wa dhahabu kwa upole ndio uliomwaga damu ya mwenziwe. Papa mpya, Paul wa Tatu, alimsamehe kwa kuwa alimhitaji kazini, lakini adui zake hawakumsahau.

Ndipo zile siku za ngomeni ziliporudi. Mwaka 1538 Cellini alikamatwa akatiwa ndani ya ngome ile ile ya Sant'Angelo. Alishtakiwa kwamba mwaka 1527, alipokuwa akivibandua vito vya Papa, aliiba vito vya thamani kubwa mno. Papa Clement, aliyempa agizo lile, amekwisha kufa. Dhahabu imekwisha kuyeyuka, mataji hayapo. Nani atamshuhudia?

Cellini alijitetea kwa neno moja lenye nguvu. Aliwaambia wakuu waliomhoji kwamba vito vyote vya Mapapa vimeandikwa katika daftari kwa karne nyingi. Basi kabla ya kumkamata mtu, yawapasa wafungue daftari, wahesabu vito, waone kilichopungua. Asimulia kwamba walitafuta, na vito vikaonekana vimo. Maandishi yalisema pale ambapo watu wamenyamaza. Hata hivyo mlango wa gereza haukufunguliwa, maana aliyemfunga alikuwa na nguvu kuliko daftari. Cellini alitoroka kwa kamba ya mashuka, akaanguka akavunjika mguu, akakamatwa tena. Alifunguliwa mwisho wa mwaka 1539, baada ya kuombewa na Kadinali wa Ferrara kwa ajili ya Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa, aliyetaka fundi huyo amfanyie kazi.

Na sasa, msomaji, kumbuka kiti chako cha hakimu. Habari nyingi nilizokueleza zimetoka katika kitabu cha maisha yake, ambacho Cellini alianza kukitunga mwaka 1558, naye ni mtu mzima wa miaka 58, na ambacho hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1728. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Cellini aliivuta ngozi ya ngoma hii kwa nguvu zake zote. Katika kitabu chake yeye ndiye hodari kuliko mafundi wote, na adui zake wote ni waovu au wapumbavu. Lakini mna jambo moja la kutufikirisha. Katika kitabu hicho hicho akiri kwamba, baada ya kuiyeyusha dhahabu ya Papa, alizikuta chembe za dhahabu zimebaki majivuni, akazichukua. Na baadaye akamwungamia Papa Clement kosa hilo, akasamehewa. Ajisifuye sana, anapokiri dhambi ambayo hakuna aliyemwona akiitenda, neno lake lapata uzito. Kwa hiyo aliwahi kuchukua kidogo. Je, alichukua na vito? Daftari lilisema hapana. Nami sioni sababu ya kulikanusha daftari kwa ajili ya uvumi.

Zilinganishe kesi hizi mbili. Sonara wa Syracuse hakuandika lolote, na kwa hiyo amebaki mwizi asiye na jina. Sonara wa Florence aliandika kitabu kizima, na kwa hiyo amebaki shujaa wa hadithi yake mwenyewe. Yawezekana kwamba wa kwanza hakuwa mwovu kiasi tunachoambiwa, na kwamba wa pili hakuwa mwema kiasi anachojisifia. Kati ya kinywa cha mteja na kinywa cha fundi, mashahidi wasiopendelea upande wowote ni watatu: mizani, alama na maandishi.

Huenda ukauliza, mapambo yenyewe yako wapi? Kifungo cha Papa Clement kilidumu zaidi ya miaka 250. Mwaka 1797 Papa Pius wa Sita alilazimishwa na Jenerali Napoleon Bonaparte kulipa mali nyingi kwa mkataba wa Tolentino, na hazina za Kanisa zikayeyushwa ili kulipia. Kifungo nacho kikaingia motoni. Aliyeyayeyusha mataji ya wenziwe, kazi yake nayo iliyeyushwa. Hata hivyo hakikupotea kabisa, maana katika karne ya 18, kabla ya msiba huo, picha zake za rangi zilikuwa zimechorwa kwa agizo la Mwingereza mmoja, nazo zimehifadhiwa British Museum mjini London. Kazi kubwa ya dhahabu ya Cellini iliyosalia ni chombo cha kutilia chumvi na pilipili, ambacho alimfanyia Mfalme Francis na kukimaliza mwaka 1543. Juu yake wameketi Bahari na Ardhi, mwanamume na mwanamke, wakitazamana. Kimo katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches mjini Vienna, nchini Austria. Tarehe 11 Mei 2003 kiliibwa humo usiku, na mwezi wa Januari mwaka 2006 kikapatikana kimezikwa msituni ndani ya sanduku. Mwizi hakuthubutu kukiyeyusha, kwa kuwa thamani yake haikuwa katika dhahabu. Ilikuwa katika mkono ulioifua.

Turudi sasa Mombasa, katika duka dogo tulipoanzia. Pwani yetu nayo ina historia yake ya kuyeyusha na kufua. Zile reale za fedha zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambazo zilitumika katika biashara ya pwani yetu, mara nyingi ziliishia katika kalibu za mafundi na kutoka zikiwa mapambo. Fedha iliyopigwa chapa Ulaya iliishia miguuni na mikononi mwa bibi arusi wa Kiswahili. Na kila mara, kati ya sarafu na pambo, palikuwa na watu wawili walioaminiana.

Yule mama hakuwa na Archimedes, wala hakuwa na daftari la Mapapa. Lakini angeweza kufanya mambo machache ambayo historia inatufundisha. Bangili zipimwe mbele ya macho ya wote wawili, na zijaribiwe usafi wake kabla ya kuingia motoni. Umbo la mkufu lichorwe, ili asije mmoja akasema alidhani vingine. Uzito, karati, ujira, arbuni na siku ya kumaliza viandikwe katika karatasi mbili, moja ya kila mtu; na iandikwe pia kazi ikisimama njiani itakuwaje. Kufanya hivyo si kumtukana sonara. Sonara mwaminifu hufurahi, kwa maana karatasi ile ndiyo itakayomtetea siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kusema.

Wewe, msomaji kijana, labda hutaagiza kifungo cha dhahabu maishani mwako. Lakini utampelekea mshoni kitambaa, utampelekea seremala mbao, au utamlipa mwashi akujengee nyumba. Au labda wewe ndiwe utakayekuwa fundi, na watu watakuachia mali zao wakaenda kulala. Siku hiyo ukumbuke kwamba ahadi ni deni, na kwamba deni hilo lipo pande zote mbili: fundi adaiwa kazi, na mteja adaiwa haki. Mizani ya dhahabu hukaa juu ya meza, kila mtu huiona. Mizani ya ahadi hukaa moyoni. Nayo, ili isiyumbe, yataka msaada wa wino.